Kwanza Soma Kilichoandikwa Chini ya Picha

Kila Februari, maadhimisho ya mashujaa wa Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani yanapokaribia hapa Songea, huibuka tovuti mpya ya historia, na watu wenye shahada zao huimwagia sifa. Ya karibuni ilikuwa na video ya droni juu ya Makumbusho ya Maji Maji, ngoma inayoanza kulia kabla hujabofya kitu, na mchoro mkubwa wa vita wenye maneno "Mashujaa wetu wakipigana Songea". Ilipoonyeshwa, ukumbi mzima ulishangilia. Mimi nilikereka, na bado nimekereka.

Mchoro ule ni wa Wilhelm Kuhnert, Mjerumani aliyejipatia jina kwa kuchora simba na tembo. Unaonyesha mapigano ya Mahenge ya Ulanga, ya mwishoni mwa Agosti 1905. Aliyetengeneza tovuti alikutana na jina Mahenge, akakumbuka kwamba Makumbusho yetu yako Mahenge ya hapa mjini, akaishia hapo. Vita vya Ulanga vikahamishiwa mkoani kwetu Ruvuma, na hakuna aliyeuliza.

Asiyeijua kazi hii hutazama rangi, ramani na mbwembwe. Anayeijua hushuka moja kwa moja kwenye mstari mdogo chini ya picha. Mstari uliokamilika husema nani aliitengeneza, lini, wapi, nani anaihifadhi leo, kwa namba gani ya jalada, na nani aliiskani. Kisichojulikana kiandikwe kwamba hakijulikani. "Chanzo: mtandaoni" si chanzo. Nimewahi kuona picha ya Waherero wa Namibia, wamekonda wamebaki mifupa, imewekwa kama Wangoni wakati wa njaa iliyofuata vita. Njaa hiyo ilikuwapo, tena kali mno. Haihitaji nyuso za kuazima.

Mstari huo ndio unaomfichua mwandishi. Majalada ya Ofisi ya Makoloni ya Ujerumani yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho huko Berlin, chini ya R 1001, na mengi yamekwisha skaniwa. Ya utawala wa Kijerumani wa huku yapo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yakitanguliwa na herufi G. Anayeandika "nyaraka za Kijerumani" bila R wala G hajafungua hata moja. Tena Wajerumani waliandika Ssongea, kwa S mbili. Kisanduku cha kutafutia kisichoijua Ssongea kimewekwa na mtu ambaye hakupekua.

Hesabu nazo zina mstari wake. Waliokufa katika vita na njaa hutajwa kuwa 75,000 kwa makadirio ya upande wa Wajerumani, na 250,000 hadi 300,000 kwa makadirio ya mwanahistoria Gilbert Gwassa. Tovuti nzuri huweka zote mbili na kusema nani alihesabu. Tovuti mbovu huchagua inayosisimua.

Mabingwa wa kazi hii walikuwapo kabla ya kompyuta kufika kwetu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, katika mradi wa Gwassa na John Iliffe, walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee, wakaandika nani kasema nini na wapi. Mwaka uliofuata Mapunda na Mpangara wakatoa kitabu chao kuhusu vita hivyo katika Ungoni. Kazi ya namna ile ukiipandisha mtandaoni leo inasimama, maana kila neno lina mwenyewe. Linganisha na kijana mmoja aliyeniwekea sauti ya mzee, tamu kweli, imeandikwa tu "Mzee wa Kingoni". Nikamwuliza jina la mzee. Halijui. Rekodi nzima je? Aliifuta, simu ilikuwa imejaa. Wazee waliosimuliwa na baba zao waliopigana wanakwisha, na sisi tunafuta.

Mengine ni mafupi. Muziki unaojianzisha wenyewe ni alama ya kazi mbovu. Picha ya zamani iliyopakwa rangi na mashine imeharibiwa. Kiungo kilichokufa ni aibu ya mwenye tovuti. Ukurasa unaokula bando na kugoma kufunguka kwenye simu ya kawaida kule Mbamba Bay haujawafikia wenye historia. Kiswahili kitangulie, lugha nyingine zifuate. Na mwalimu ampe mwanafunzi picha moja tu, asiguse programu yoyote mpaka mstari wake ukamilike.

Anayeona haya ni ukorofi wa wazee na amfikirie Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa hapa na Wajerumani mwaka 1906, na ambaye inasimuliwa kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa nchi hiyo, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, akakutana na ukoo wake, akaomba msamaha na kuahidi kwamba kitatafutwa. Fuvu katika ghala la ng'ambo hutambuliwa kwa maandishi yaliyoambatana nalo: mahali, tarehe, jina la aliyelichukua, namba. Ukoo wa Mbano unategemea mstari mdogo wa namna hiyo, ulioandikwa na mtu makini zaidi ya miaka mia moja iliyopita, au usioandikwa kabisa. Mwalimu anayewazoesha vijana wetu kuuruka anawafundisha kupoteza watu wao.