Majina ya wanyama wa hadithi: nani alimtazama mnyama, nani alimtukana?

Watoto wetu wakitazama filamu za katuni, wanashika majina ya wanyama haraka kuliko hadithi yenyewe. Basi inafaa tujiulize: majina yale yametoka wapi, na mtu aliyeyatunga alimtazama mnyama kweli?

Tuanze na Wajapani. Mchezo wao wa Pokémon ulitoka mwaka 1996, na majina yake mengi ni mafumbo. Kobe mdogo anaitwa Zenigame. Hilo ni neno la kweli la Kijapani: ndivyo wanavyoita kitoto cha kobe wa majini, juu gamba lake linafanana na sarafu ya zamani. Pikachu ni «pika», kumetameta kwa umeme, na «chu», mlio wa panya. Namazun, aliyeongezwa mwaka 2002, anatokana na «namazu», yaani kambale. Katika masimulizi ya Kijapani, kambale mkubwa amelala chini ya ardhi; akijitikisa, nchi inatetemeka. Sisi wa ziwa Tanganika, tuliotikiswa tarehe 5 Desemba 2005, tunaelewa masimulizi kama hayo bila mwalimu. Lakini kwa Kifaransa samaki huyo ameitwa Barbicha: ndevu za kidevuni, pamoja na paka, kwa sababu Wafaransa humwita kambale «samaki-paka». Ndevu zimebaki, tetemeko limepotea.

Sasa tuje kwa filamu ya Marekani, Le Roi lion, ya mwaka 1994, iliyochota majina katika Kiswahili. Simba anaitwa Simba. Ni sawa na kumwita mbwa Mbwa. Ngiri anaitwa Pumbaa. Lakini ngiri wa kweli huingia shimoni kinyumenyume, ili meno yake yamwelekee adui. Huyo amepumbaa wapi? Fisi mmoja ni Banzai, shangwe ya Kijapani ya kumtakia mtu miaka elfu kumi. Haimhusu fisi hata kidogo. Na kiongozi wa fisi ni Shenzi.

Neno hili ndilo linatuuma. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Ujiji na kuvuka ziwa mpaka upande wetu. Wao walijiita waungwana. Watu wa bara wakawaita washenzi. Mababu zetu walitiwa ndani ya neno hilo. Leo mtoto wa Baraka anamcheka fisi Shenzi, wala hajui kwamba jina lile alibandikwa babu yake.

Mtu atasema: ni mchezo tu, unakasirika nini? Kweli, filamu ni nzuri, na watoto wanampenda Pumbaa. Lakini Pokémon nayo ni mchezo, tena wa kuuzwa dunia nzima, na bado watunzi wake walimtazama kobe na kambale kabla ya kuwapa majina.

Kwa hiyo, ninyi mnaosimulia na mnaoandika hapa Fizi, mkitaka kutunga mnyama, anzeni ziwani na porini. Katika ziwa letu kuna kambale anayepiga mtu umeme. Mvuvi aliyemshika hamsahau. Muulizeni mvuvi huyo anamwitaje kwa Kibembe, na kwa nini anamwita hivyo. Andikeni jina pamoja na sababu yake, juu jina likiandikwa peke yake, kesho atakuja mwingine kulipa maana yake.