Kuitafutia Hewa ya Moto Njia

Injini ikizimwa, joto halizimiki nalo. Pampu ya maji imesimama, upepo wa mwendo umekatika, lakini mabomba ya moshi yaliyotoka kwenye mwendo mkali bado yamebeba mamia ya nyuzijoto, na hayana pa kuyapeleka ila kwa majirani zao: waya, mipira ya maji, tangi la mafuta ya breki, petroli iliyotulia kwenye bomba lake. Kwa dakika kadhaa chumba cha injini huzidi kuchemka badala ya kupoa. Ndiyo maana ukitaka kumjua aliyelisuka vizuri gari la spoti lenye injini katikati, usihangaike kulitazama likikimbia. Lisubiri liegeshwe baada ya safari ndefu, kisha ujaribu kuliwasha tena baada ya dakika kumi.

Kwenye gari la kawaida kazi hii ni nyepesi. Injini iko mbele, rejeta iko mbele yake, upepo unaipiga uso kwa uso, na hewa iliyopata moto inatokea chini ya gari. Lakini wapenda mwendo wanataka uzito mkubwa wote ukae katikati, kati ya viti na ekseli ya nyuma, ili gari ligeuke kwa wepesi. Wanaupata wepesi huo kwa kuifungia injini sandukuni: mbele yake ukuta wa viti, nyuma yake giaboksi, kushoto na kulia magurudumu mapana, juu yake mfuniko. Dereva wa Hiace ya zamani, aliyekalia injini kutwa nzima kati ya Mbagala na Kariakoo, atakuwa amelielewa tatizo hili kabla sijamaliza kulieleza. Tofauti ni kwamba injini yake haikutakiwa kutoa nguvu za farasi 600.

Na nguvu huja na mzigo wake. Kwa makadirio ya mafundi, petroli inapoungua, takriban theluthi moja ya nishati ndiyo inayosukuma gari, theluthi nyingine inaingia kwenye maji ya rejeta, na inayobaki inatoka na moshi. Injini inayopeleka kilowati 220 kwenye magurudumu inamwaga nyingine kama hizo majini, na nyingine kama hizo mabombani. Gari hilo lina majiko mawili ambayo hakuna aliyeyaagiza, na yote mawili yamewekwa nyuma ya mgongo wa dereva.

Lamborghini Miura ya mwaka 1966 ndiyo iliyowafanya matajiri waipende injini katikati, na ndiyo iliyowaonyesha uchungu wake. Wahandisi wake, Giampaolo Dallara na Paolo Stanzani, waliilaza V12 ya lita karibu nne kwa upana wa gari, sentimita chache nyuma ya vichwa vya abiria. Marcello Gandini, aliyechora umbo lake akiwa kampuni ya Bertone, hakuweka kioo juu ya injini. Aliweka vibao vyeusi vilivyopangwa kwa mteremko, na hewa ya moto ikapanda kupitia nafasi zake. Ni suluhisho zuri kulitazama na lina akili, maana hewa ya moto hupanda bila kulipwa. Lakini kabureta zake za Weber zilikuwa za asili ya mashindano, zilizozoea injini inayopigwa mbio muda wote. Gari likikwama kwenye foleni, petroli iliweza kufurika na kudondoka kwenye joto, na Miura kadhaa ziliishia kwenye moto. Vibao peke yake havikutosha.

Gandini huyohuyo alichora Lamborghini Countach, iliyoonyeshwa Geneva mwaka 1971, safi kama kipande cha karatasi kilichokunjwa. Pembeni ilikuwa na mifereji midogo kama mashavu ya samaki. Ilipoanza kujaribiwa barabarani, ikachemsha. Gari lililofika kwa wanunuzi mwaka 1974 lilikuwa limeota masanduku mawili ya kuvuta hewa mabegani, na ubavuni mwake limechimbwa tundu kubwa la pembetatu linaloanzia mlangoni. Wapo wanaosema michoro ya awali iliharibiwa. Mimi naona kinyume: Countach ambayo watoto waliibandika ukutani ni ile iliyochorwa na joto, na Gandini alikuwa na unyenyekevu wa kutosha kushika penseli wakati joto likimwamuru.

Tundu lile la pembetatu linastahili tulisimamie kidogo. Umbo lake lilitokana na utafiti wa NACA, taasisi ya Marekani iliyotangulia NASA, katika miaka ya 1940. Linaanza jembamba na kupanuka kadiri linavyozama. Kingo zake kali zinazopanuka huiviringisha hewa ipitayo, na mviringo huo unaivuta hewa ndani bila tundu lenyewe kuchomoza hata milimita moja. Wengi wamelinakili kwa sababu linapendeza, wakalibandika pale ambapo hewa imekwisha kuchoka kwa kusuguana na bodi, halafu wakashangaa kwa nini halivuti kitu.

Hapo ndipo ufundi unapojitenga na mapambo. Hewa haiingii tunduni kwa sababu tundu lipo; inaingia kwa sababu upande wa pili kuna shinikizo dogo kuliko ilikotoka. Chini ya kioo cha mbele shinikizo ni kubwa. Juu ya paa, hewa inapoharakisha, ni dogo. Nyuma ya gari kuna eneo la mvurugo ambalo hakuna anayelitabiri kwa macho. Ukitoboa matundu ya kutolea joto mahali pasipofaa, gari likifika kilomita 120 kwa saa hewa inaweza kugeuka na kuingia pale ulipotaka itoke, ikairudisha hewa ya moto kwenye injini. Basi fundi mzuri huanza kwa kupima. Anabandika nyuzi fupi za sufu kwenye bodi na kutazama zinalalia wapi gari likienda. Anapitisha vimirija vyembamba hadi kwenye kifaa cha kupimia shinikizo. Anaziba tundu moja kwa selotepu, anakwenda, anarudi, anasoma, anafungua, anaziba jingine. Kazi hii haina picha nzuri. Mtu anaweza kuifanya wiki nzima na matokeo yake yakawa kipande cha mpira cha upana wa vidole viwili, kilichowekwa kuziba ufa ambao hewa ya baridi ilikuwa ikitorokea pembeni ya rejeta badala ya kupita ndani yake.

Ferrari nao walijifunza kwa jasho, na jasho lenyewe lilikuwa la wateja. Magari yao ya Berlinetta Boxer, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1973, yalikuwa na injini ya silinda kumi na mbili nyuma na rejeta mbele. Maji ya moto ilibidi yasafiri urefu wa gari kwenda na kurudi kwa mabomba, na mabomba hayo yalipita kando ya chumba cha abiria. Aliyekaa ndani alipashwa moto kutoka nyuma na kutoka ubavuni kwa pamoja. Testarossa ya mwaka 1984 ilizaliwa kwa sehemu kubwa kulimaliza suala hilo: rejeta ikagawanywa mbili, zikahamishiwa ubavuni, mbele tu ya magurudumu ya nyuma. Mabomba marefu yakaondoka, na mbele ikapatikana nafasi ya masanduku ya safari.

Lakini rejeta mbili ubavuni zinataka midomo miwili mipana, na gari likanenepa hadi kukaribia mita mbili kwa upana. Sheria za baadhi ya nchi hazikuruhusu midomo mipana namna hiyo iachwe wazi. Pininfarina, wachoraji wa umbo lake, wakaipitishia mbavu tano ndefu toka mlangoni hadi kwenye tundu lenyewe. Miaka iliyofuata mbavu hizo zilinakiliwa kwenye magari ya kila aina, hata yasiyo na cha kupoozwa pembeni. Ukiziona kwenye Testarossa, zinafanya kazi. Kwingineko ni hirizi.

Nimesema juu ya hewa, lakini kuna joto lisilohitaji hewa kusafiri. Waliosoma fizikia ya sekondari watakumbuka mnururisho: joto linaloruka kama mwanga kutoka kwenye kitu cha moto hadi kwenye kisicho cha moto, na feni haiwezi kulipeperusha. Nalo lina tabia mbaya ya kukua kwa kipeo cha nne. Bomba la moshi likipanda kutoka nyuzijoto 450 hadi 900, linachonururisha hakiongezeki mara mbili tu. Kinakaribia mara saba. Dhidi ya hilo, dawa ni kung'aa. Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, alipobuni McLaren F1 iliyozinduliwa Monaco mwaka 1992, aliagiza chumba cha injini kitandikwe utando wa dhahabu, karibu gramu 16 kwa kila gari, kwa sababu dhahabu hurudisha karibu mnururisho wote unaoipiga na haichujuki. Bodi yake ilikuwa ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, na gundi haipendi jiko. Kila anayefungua mfuniko wa gari lile hupiga picha dhahabu.

Mimi, nikipewa nafasi, ningepiga picha bati. Bati la kinga kwenye bomba la moshi ndicho kitu kinyenyekevu kuliko vyote chini ya mfuniko, na kulitengeneza vizuri ni shughuli ya mtu mwenye subira. Kwanza haliguswi na bomba. Linaachiwa nafasi ya hewa, na mara nyingi huwa mabati mawili membamba yenye upenyo katikati. Kila skrubu inayolishikilia ni daraja la joto kuvukia, hivyo skrubu ziwe chache. Zikiwa chache mno, bati linapiga kelele kwa mtikisiko, halafu linapasuka. Ndipo linapofinyangwa vijinundu, ambavyo hulikaza bila kuliongezea uzito. Na bado kuna kurefuka: bati la chuma kisichoshika kutu la nusu mita, likipanda nyuzijoto 400, linarefuka zaidi ya milimita 3. Tundu la skrubu likitobolewa duara la kubana, bati halina pa kwenda ila kupinda. Kwa hiyo tundu moja linabana, na mengine yanatobolewa marefu kidogo kuelekea lile la kwanza, washa pana juu yake, ili bati liteleze likipata moto na kurudi likipoa. Hakuna mnunuzi atakayeliona tundu hilo refu.

Anayedhani haya ni mambo ya kushikilia vidogo na akumbuke Ferrari 458 Italia. Mwaka 2010, baada ya kadhaa kushika moto, kampuni iliyaita karakana magari zaidi ya elfu moja. Chanzo kilikuwa gundi iliyoshikilia bati la kinga ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma: kwenye joto kali gundi iliweza kulegea, bati likapinda kuelekea ekzosi, na gundi yenyewe ikawaka. Tiba ilikuwa kuiondoa gundi na kulifunga bati kwa vifungo vya chuma.

Wengine, hasa wanaojifanyia wenyewe, hulifunga bomba bandeji ya nyuzi za kioo. Chumba kinapoa kweli, na moshi unatoka kwa kasi zaidi kwa kuwa haujapoa njiani. Bei yake inalipwa na bomba: chuma kinakaa kwenye joto kubwa kuliko kilivyopangiwa, bandeji inanyonya maji ya mvua, na baada ya muda unafungua na kukuta nyufa. Siilaumu. Ila napenda afanyaye hivyo aifungue mara kwa mara aone.

Mtihani wa mwisho wa mambo haya ni hali ya hewa, na hapa ndugu zetu walioko Dubai na Muscat ni mashahidi, maana magari ya aina hii yamejaa pwani ile. Rejeta yenye maji ya nyuzijoto 100 ikipigwa na hewa ya 20, ina tofauti ya 80 ya kufanyia kazi. Mchana wa Julai hewa ikiwa 45, tofauti imebaki 55, na uwezo wake umepungua kwa karibu theluthi, bado hujahesabu lami inayochemka chini ya midomo ya gari lenyewe. Ndiyo maana makampuni hupeleka magari ya majaribio jangwani kabla ya kuyauza, yakatambazwa kwenye foleni na kuzimwa juani ili ijulikane ni plastiki ipi itakayolainika kwanza.

Jibu linalonifurahisha kuliko yote walilitoa Porsche kwenye 918 Spyder, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2013. Gari lile lina betri kubwa karibu na injini, na betri ya litiamu haivumilii joto hata kidogo. Kwa kawaida V8, injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, hutoa moshi wake kwa nje, pande mbili, kisha mabomba yanazunguka kwenda nyuma yakipasha kila kitu. Wao waliigeuza: moshi ukatokea ndani ya V, hewa safi ikaingilia nje, na mabomba yakapanda moja kwa moja kupitia mfuniko bila kuzunguka popote. Bomba fupi lina mwili mdogo wa kupashia jirani. Yanatokea juu kabisa, nyuma ya vichwa vya walioketi, na anayelifuta gari hilo baada ya safari ni vyema ayaache mabomba hayo yawe ya mwisho.