Siku ya Tatu si Jumatatu: Kuhusu Kusahihisha Kiswahili cha Kongo katika Kompyuta

Katika CLDR, hazina ya data za lugha inayotunzwa na Muungano wa Unicode na kutumiwa na programu nyingi za kompyuta na simu, Kiswahili cha Kongo kiliwahi kuwa na orodha yake chini ya alama swc. Januari ilikuwa "mwezi ya kwanja", Jumapili "siku ya yenga", na saa za asubuhi "ya asubuyi". Baadaye majina ya Kiswahili sanifu yalishika nafasi hizo.

Je, hayo yalikuwa masahihisho? Kwa sehemu ndogo, ndiyo. Orodha ileile iliyoandika "kwanja" kwa mwezi iliandika "kwanza" kwa siku. Mwandishi hakushika kanuni yake mwenyewe. Lakini "mwezi ya" si kuteleza kwa kalamu, bali ni upatanisho wa kisarufi wa wasemaji wengi wa Kongo. Kamati ya 1930 iliyolea usanifishaji ilihusu Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, Kongo haikuwamo. Kumpima mtu kwa mizani ambayo hakushirikishwa kuitengeneza kwahitaji hoja, si kalamu nyekundu tu.

Hatari kubwa imo katika hesabu. Pwani juma huanza Jumamosi, siku ya mosi. Orodha ile ya Kongo ilianza kuhesabu siku inayofuata Jumapili, hivyo "siku ya tatu" ni Jumatano. Tuseme tangazo la chanjo limebandikwa Baraka, likisema siku ya tatu, na msahihishaji aliye mbali akaligeuza kuwa Jumatatu. Sarufi imenyooka, akina mama wa Fizi wamefika siku mbili kabla ya dawa.

Wala nisieleweke kuwa nataka orodha ya kale irudishwe ilivyokuwa. Kutoka Baraka, Kigoma iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wengi waliokimbilia huko 1996, wakaanza kurejea 2005, wamezoea Jumatatu ya Watanzania. Alama moja, swc, imewafunga pamoja na watu wa Lubumbashi na Bunia, kana kwamba wote husema mamoja. Yapasa kila badiliko liandikiwe sababu yake: ni tahajia au ni lahaja, na ni mji gani ulioulizwa. Mimi ningethubutu kugusa "kwanja" peke yake, na hata hilo ningemwuliza mwenyeji.