Mshono Husema Nini?

Aghalabu hudaiwa madarasani kwamba kila mshono wa vazi la jadi una maana iliyofichika. Mwanafunzi akiulizwa maana hiyo, hubuni: uzi mwekundu ni damu ya mashujaa, duara ni umoja. Sisi twaona ubunifu wa namna hiyo huwadhulumu mafundi, kwani huwasemea maneno wasiyoyasema.

Yapo kweli mavazi yaliyosema waziwazi. Huko Uchina, tangu mwaka 1391, sheria ya watawala wa Ming iliwataka maofisa wavae kifuani kitambaa kilichodariziwa: ndege kwa maofisa wa kiraia, wanyama kwa wakuu wa majeshi. Korongo alikuwa alama ya daraja la juu kabisa. Desturi hiyo, pamoja na mabadiliko yake, ilidumu mpaka ufalme wa Qing ulipoanguka mwaka 1912. Popo naye alishonwa kwenye nguo kwa sababu jina lake kwa Kichina hutamkwa sawasawa na neno la baraka. Basi maana zile zilikuwa na msingi: ama sheria, ama lugha.

Je, kanzu yetu ya pwani? Hapakuwa na sheria ya ndege wala wanyama. Lakini lugha ipo. Kanzu isiyo na urembo wa uzi iliitwa ya mfuto. Iliyodariziwa shingoni kwa uzi mweupe wa pamba, ya ziki. Na wenye uwezo walitia hariri. Majina hayo hayataji picha, hutaja kazi. Aliyeitazama shingo ya kanzu alisoma muda wa fundi na mfuko wa mvaaji. Tena darizi ile imekaa mahali penye haja, maana pasuo la shingo ndilo huchanika upesi.

Kofia ya mkono ya Unguja au Lamu yazidi hapo. Matobo yake madogo hutobolewa moja moja na kuzungushiwa uzi, kazi ya wiki nyingi. Mke aliyemshonea mumewe kofia hakuhitaji kuficha fumbo ndani yake. (Bei ya kofia ya mashine yaonyesha tofauti hiyo kuliko insha yoyote.)

Mwanafunzi wa Isongole, kule Ileje mpakani na Malawi, ataona pwani iko mbali. Hata hivyo gauni la kitenge lenye darizi shingoni analijua vema, nalo hushonwa kwa cherehani. Asianze kwa kulitafutia fumbo. Aligeuze ndani nje, atazame mafundo, aone mkono ulipositasita na mahali mstari uliporudiwa. Kisha amwulize fundi huita nini mshono ule, na kwa nini ameurudia. Huenda akajibiwa kwamba kitambaa kilikuwa chepesi, na mstari mmoja usingeshika.