Duka ya bunduki yenye haisalimie mtu

Ba promosheni, mnisamehe, leo naongea juu ya bunduki. Najua kwetu huku Mashariki hilo neno linatia baridi, sisi bunduki tunaisikia usiku, hatuione ku duka. Lakini Marekani ni biashara sawa zingine, iko na kibao ku barabara, kontuari na fakture. Na ile biashara ya mutaa, ya mzee mumoja na watoto wake, iko inapunguka. Wenyewe wanasema intaneti njo imewaua. Mimi sikubali, ao nakubali nusu tu.

Binamu yangu anaishi Kentucky tangu miaka kumi na mbili, papieri zake zote ziko sawa. Wenzake wa kazi walimufundisha kuwinda paa. Siku moja akaweka dola mu mfuko, akaenda ku duka ya bunduki ya mji wao mdogo. Wanaume wanne nyuma ya kontuari, wanaongea mupira. Hakuna aliyemusalimia. Dakika ishirini! Mwishowe akaonyesha bunduki moja ku ukuta. Mzee akamujibu, bila kuishusha: «Hiyo si ya mtu anayeanza.» Binamu akatoka, akakomande ileile ku intaneti.

Sasa sikieni kichekesho. Bunduki ilifika wapi? Ku duka ya yule yule mzee. Kule, ukinunua bunduki ku intaneti kwa muuzaji wa mbali, haiji nyumbani. Sheria inataka ipite kwa muuzaji wa karibu mwenye lisansi (lisansi ya kuuza, si ile yetu ya univerisite), ujaze karatasi inayoitwa Form 4473, jina lako lichunguzwe mu kitabu cha FBI, njo upewe. Binamu akalipa mzee dola 50 juu ya ile kazi ya dakika chache. Mzee akanung'unika: «Nyie watu wa intaneti munatuua.»

Hapo njo nilianza kufikiri. Kuuza bunduki kwa barua ni jambo la zamani. Ile iliyomuua rais Kennedy katika 1963 ilikomandwa kwa posta, kupitia tangazo la gazeti. Ni sheria ya 1968 iliyofunga ile njia. Maana yake, tangu 1968 serikali inamuletea mzee kliya mpaka ku mlango, bure. Hata intaneti ilipokuja, kliya wake analazimishwa kuingia mu duka. Ni muuzaji gani wa viatu, wa vitabu, wa telefone aliyepata bahati ya namna hiyo? Na wengi wanaitumia kumukalipia mtu!

Mama anayeuza samaki ku soko ya Kadutu hana sheria yoyote inayomulinda. Njo maana anakuita «kliya wangu» kabla hata haujamuangalia, na anakuongezea matabishi.

Kuna hesabu yenye wanapenda kuleta. Mwanzo wa miaka ya 1990 lisansi za bunduki zilikuwa zaidi ya 280 000 mu Marekani yote. Kufika 2000 zilibaki karibu 100 000. Mtu akisoma hivyo anasema: tazama, maduka yamekufa. Hapana. Wengi wao walikuwa watu wanaouza ku meza ya jikoni, hawana duka hata kidogo. Sheria mupya ikapandisha bei ya lisansi, kutoka dola 30 mpaka 200 kwa miaka mitatu ya kwanza, ikadai pia wafuate sheria za mji wao, wakaacha. Na wakati ule, intaneti ilikuwa bado mtoto.

Haki yao nayo niiseme. Ku bunduki mupya faida ni kidogo sana. Pesa ilikuwa mu masasi, mu mifuko ya pistole, mu vitu vya kusafishia, na hivyo vyote, mu majimbo mengi, intaneti inavileta mpaka ku mlango wako. Magazini kubwa nazo zinanunua kwa wingi, mzee hawezi kufuata bei zao. Hilo ni kweli, sina ubishi.

Lakini kulibaki kitu chenye intaneti haina: mtu wa kukushikisha bunduki, kuona kama inakaa vizuri ku bega, kukuonyesha namna ya kuifunga mbali na watoto. Katika 2020, wakati wa korona, watu wengi sana walinunua bunduki mara yao ya kwanza. Shirika la wenye viwanda lilikadiria wanapita milioni 8. Wanawake wengi, na weusi wengi. Walihitaji kabisa mtu wa kuwaeleza. Kumbe wengine walikutana na wale wanne wanaoongea mupira.

Na hapa si mambo ya faida tena. Katika 2009, mu jimbo la New Hampshire, watu watatu walinunua bunduki ku duka moja ndani ya siku zisizofika wiki, kila mumoja akajiua muda mfupi nyuma yake. Hawakujuana. Mwenye duka hakujificha. Alikaa pamoja na watu wa afya, wakatengeneza makaratasi ya kubandika mu maduka ya bunduki na mafundisho kwa wauzaji: namna ya kutambua kliya mwenye shida ndani, haulizi kitu juu ya bunduki, ana haraka, hajali masasi ya aina gani. Muuzaji ana haki ya kukatala kumuuzia. Majimbo mengine yakafuata. Mkumbuke kwamba kule, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki ni waliojiua wenyewe.

Ile kazi inaanza na kumusalimia mtu, kumuangalia, kumuuliza anatafuta nini. Yenye tunaita servisi, kule njo inaweza kuwa ulinzi wa mwisho.

Nilimurudilia binamu na vokali. Nikamuuliza: siku ile ya kuchukua bunduki, mzee alikuangalia ku uso? Akafikiri kidogo. «Aliangalia karte yangu,» akasema, «na zile dola 50.»