Mizani Nane za Mtu wa Kigugumizi

Katika mwambao huu wako wengi walioisikia sauti ya James Earl Jones bila ya kujua kuwa ni yake. Waliisikia kwenye mikanda ya video ya *The Lion King* iliyopita mkono kwa mkono katika miaka ya tisini, ikitoka kinywani mwa simba mzee aliyemfunza mwanawe mambo ya ufalme. Wengine waliisikia nyuma ya kofia nyeusi ya Darth Vader, na wengine katika televisheni ya Kimarekani ya CNN, ambako kwa miaka mingi ndiye aliyelitamka jina la kituo hicho. Mwenye sauti hiyo alifariki tarehe 9 Septemba 2024 katika jimbo la New York, naye ana umri wa miaka 93. Tanzia zilizoandikwa zilikubaliana juu ya jambo moja: amekwenda mtu wa sauti.

Sifa hiyo si ya uongo, lakini imebeba dhuluma ndani yake. Inamsifu mtu kwa alichopewa na kumnyima alichokitafuta. Koo nzito wamejaaliwa watu wengi. Wamo wachukuzi wa bandarini wenye sauti ya kutikisa ghala, wala hakuna aliyefikiria kuwaita wasanii. Aliyekuwa nacho Jones zaidi ya koo alikipata kwa njia ambayo wapenzi wa ushairi wana haki ya kuijua kabla ya watu wengine wote, maana njia yenyewe ilikuwa ni shairi.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1931 huko Arkabutla, katika jimbo la Mississippi. Baba yake, Robert Earl Jones, alikwisha ondoka, akawa bondia kisha mwigizaji, na baba na mwana hawakujuana hasa hadi mtoto alipokuwa mtu mzima. Malezi yakabaki kwa babu na bibi wazaa mama. Alipofikia umri wa miaka mitano hivi wazee hao walihamia naye kaskazini, katika shamba la jimbo la Michigan. Ndipo ulimi ulipofunga. Kigugumizi kilimshika kwa nguvu hata akaona afadhali kunyamaza kuliko kuchekwa, na kwa muda wa miaka kama minane akawa karibu na bubu. Nyumbani alisema kidogo na jamaa zake, na zizini alisema na wanyama. Shuleni aliandika.

Katika maandishi hayo yalikuwamo mashairi. Mwalimu mmoja, Donald Crouch, aliligundua jambo hilo, na siku moja akaletewa shairi la kulisifu balungi, tunda ambalo wakati wa majira ya baridi ya Michigan lilikuwa ni tunu. Kijana alikuwa ameliunda kwa bahari ya *The Song of Hiawatha* ya Longfellow. Mwalimu akasema kwamba shairi ni zuri mno, kiasi cha kutia shaka kama ni lake, na njia pekee ya kuithibitisha kazi yake ni kusimama mbele ya darasa na kulisoma kwa ghibu. Kijana akasimama. Akalisoma lote, wala hakukwama.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi na wasimuliaji wa Kimarekani, nao huwa wanakipitia mbio kukiendea kile wanachokiona kuwa ni muujiza. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kusimama hapo kidogo. *Hiawatha*, uliotoka mwaka 1855, ni utungo mrefu wa kisimulizi ambao mstari wake una silabi nane, zikienda kwa mkazo na ulegevu kwa zamu, mtindo ambao Longfellow aliuchukua kutoka *Kalevala* ya Wafini. Hauna vina. Ukiondoa upungufu huo (na kwa sikio la mtu wa pwani si upungufu mdogo) unabaki na kitu kinachofanana sana na utenzi: kisa kirefu, mshororo mfupi, mizani nane. Yaani mtoto bubu wa Michigan, aliyekuwa hajui hata kama lugha yetu ipo, aliufungua ulimi wake kwa hesabu ileile ambayo wajukuu wa Lamu na Pemba wameihesabia vidoleni kwa karne kadhaa.

Kwa nini hesabu ifanye kazi hiyo? Maelezo ya kawaida ni mdundo, kwamba mdundo huuongoza ulimi kama ngoma inavyouongoza mguu. Ni kweli, lakini ni nusu. Mwenye kigugumizi haogopi neno alilo nalo kinywani. Analiogopa lile linalofuata. Katika maongezi ya kawaida neno linalofuata halijulikani, na kila sentensi ni mto usiojulikana kina chake. Katika shairi lililohifadhiwa, neno limekwisha kaa mahala pake likimngoja msomaji. Waliokulia visiwani wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa, kwani si ajabu kumwona mtoto mwenye kigugumizi akisoma kasida tangu mwanzo hadi mwisho kwa sauti safi, kisha akashindwa kuagiza chai. Jones mwenyewe hakudai kamwe kuwa amepona. Alisema maisha yake yote kwamba ni mtu wa kigugumizi aliyejifunza kuchagua maneno. Ule utulivu wake mashuhuri, ile namna ya kuliweka kila neno chini kama mtu atuaye mtungi, ulikuwa ni hadhari.

Baada ya shule aliingia Chuo Kikuu cha Michigan kwa nia ya udaktari, akaiacha nia hiyo na kushika drama, akalitumikia jeshi, akafanya kazi ya useremala wa jukwaa katika thieta ya Ramsdell mjini Manistee kabla ya kupewa kusema chochote juu yake. Huko ndiko alikoigiza Othello kwa mara ya kwanza. New York ilimpokea kwa ufagio, kwani alisafisha sakafu ili aweze kusoma uigizaji. Katika mwaka 1962 alikuwa Mwanamfalme wa Moroko katika *The Merchant of Venice*, mchezo ulioonyeshwa nje, hewani, katika bustani ya Central Park. Wasomaji wetu wanamjua mwanamfalme huyo kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, *Mabepari wa Venisi*: mchumba anayeomba asichukiwe kwa rangi yake, kisha akachagua kisanduku cha dhahabu na kuondoka mikono mitupu. Ni nafasi ndogo, na aghalabu huigizwa kwa kejeli. Lakini Stanley Kubrick, aliyekwenda kumtazama George C. Scott kama Shylock, alitoka hapo na waigizaji wawili badala ya mmoja, na kwa sababu hiyo Jones akaonekana sinemani kwa mara ya kwanza katika *Dr. Strangelove*, mwaka 1964.

Jina lilimjia kwa *The Great White Hope* ya Howard Sackler, tamthilia juu ya bondia mweusi iliyojengwa kwa maisha ya Jack Johnson. Ilipofika Broadway mwaka 1968 ilimpatia tuzo ya Tony, na filamu yake ya mwaka 1970 ikamfanya kuwa mwanamume mweusi wa pili, baada ya Sidney Poitier, kupendekezwa kwa Oscar ya mwigizaji mkuu. Filamu hiyo leo haitazamiki kwa raha. Jones anaigiza kwa kipimo cha ukumbi wa watu elfu moja ilhali kamera iko hatua mbili mbele yake. Kicheko ni kikubwa mno, na ghadhabu inafika kabla ya chanzo chake. Ilimchukua miaka kadhaa kujifunza kwamba kamera husikia kunong'ona. Kwenye televisheni alijifunza upesi zaidi. Katika siku za mwanzo za *Sesame Street*, mwaka 1969, aliwekwa mbele ya kamera kuzitaja herufi za alfabeti, naye alizitaja taratibu mno, akinyamaza kati ya moja na nyingine huku jicho halipepesi. Watafiti wa kipindi waligundua kwamba watoto walianza kuikimbilia herufi kabla hajaitamka. Hakuna ushahidi bora kuliko huu wa kuonyesha sanaa yake ilikuwa wapi: ilikuwa katika kile kimya cha kati.

Darth Vader aliigizwa mwaka 1977 na miili miwili. David Prowse, Mwingereza mrefu, alivaa mavazi. Jones alikuja studio kwa saa chache, akalipwa dola 7,000, na akaomba jina lake lisiandikwe, akisema kwamba yeye ni sehemu ya mbinu za kiufundi tu. Jina halikuandikwa hadi filamu ya tatu, mwaka 1983. Unyenyekevu huo umesifiwa, lakini una uchungu wake pia. Mwigizaji mweusi aliyekwisha kuwa Lear na Othello alipata umaarufu wa dunia nzima pale tu uso wake ulipokuwa haupo. Hata hivyo kazi yenyewe ni ya ustadi. Alielekezwa kuibana sauti, asiiachie ipande wala kushuka, na ndani ya mstari huo mwembamba alipata pa kuweka kiburi, ulegevu, na mara moja, mbele ya mwana, huzuni. Alipoipokea karatasi ya filamu ya mwaka 1980 na kusoma kwamba Vader anajitambulisha kuwa baba wa adui yake, jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba Vader anasema uongo. Ukiisikiliza sentensi hiyo kwa kujua hivyo, inasikika upya.

Baba, baba, na baba tena. Vader, Mufasa, Troy Maxson katika *Fences* ya August Wilson, aliyempa tuzo ya pili ya Tony mwaka 1987, baba anayempenda mwanawe kwa kumzibia njia, mchungaji Kumalo, anayemtafuta mwanawe Johannesburg katika *Cry, the Beloved Country* ya mwaka 1995. Ni rahisi kuyafunga yote haya kwa uzi mmoja wa mtoto aliyeachwa Mississippi, na uhakiki wa rahisi haufai kuaminiwa. Itoshe kusema kwamba hakuna hata mmoja kati ya akina baba hao aliyemwigiza kwa utamu.

Hata Mufasa. Filamu hiyo ya mwaka 1994 ina deni kwetu ambalo halijalipwa vizuri. Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa, Shenzi: majina yameokotwa kwenye Kiswahili kama makombe ufukweni, mengine yakiwa ni matusi kwa anayeyaelewa, na maneno ya "hakuna matata" yakaishia kusajiliwa Marekani kama alama ya biashara, jambo lililozusha malalamiko mwaka 2018. Ajabu ni kuwa mfalme mwenyewe, Mufasa, amepewa jina ambalo Mswahili hulisikia geni. Jones ndiye anayeiokoa nafasi hiyo na upuuzi. Anazungumza na mtoto kama mzee anayezungumza na mtoto wa kweli, bila ya kupandisha sauti kumfurahisha, na katika kumkaripia anaacha pumzi moja ndefu kabla ya kusamehe. Alipoitwa kurudia kazi hiyo mwaka 2019, sauti ilikuwa imechoka, na uchovu ukaifaa.

Pamoja na hayo, anayetaka kumwona Jones mzima, sauti na mwili, na aitafute *Matewan* ya John Sayles, ya mwaka 1987. Ni kisa cha mgomo wa wachimba makaa wa West Virginia katika mwaka 1920. Jones ni Few Clothes, mchimbaji mweusi aliyeletwa kwa treni kuuvunja mgomo bila ya kuambiwa, akaishia kuwa mmoja wa wagomaji. Usiku mmoja kura inamwangukia kumuua mtu wa chama, Joe Kenehan, aliyesingiziwa usaliti. Wanakaa wawili karibu na moto. Kenehan, asiyejua kitu, anasimulia habari za wafungwa wa dini waliokataa kushika silaha. Jones karibu hasemi. Anashika bunduki, anasikiliza, na usoni mwake mtazamaji anaona mtu akianza kumpenda aliyetumwa kumuua. Hakuna tuzo aliyopewa kwa dakika hizo. Televisheni ilimpa Emmy mbili kwa mwaka mmoja, 1991, kwa *Gabriel's Fire* na *Heat Wave*, na Oscar ya heshima ilikuja mwaka 2011. Hizo ni haki yake, lakini si kwa kazi hizo atakapokumbukwa na wanaojua kusikiliza.

Limebaki jambo la mashine. Katika *Obi-Wan Kenobi*, mwaka 2022, sauti ya Vader ilitengenezwa na kampuni ya Kiukreni, Respeecher, kwa kompyuta, kutokana na kanda zake za zamani na kwa idhini yake mwenyewe. Mwaka 2025, baada ya kifo chake, sauti hiyo iliwekwa katika mchezo wa kompyuta wa *Fortnite*, ikawajibu wachezaji maneno ambayo hajapata kuyasema, na chama cha waigizaji cha Marekani kikapeleka mashtaka. Idhini ilikuwapo na familia iliridhia, kwa hiyo si wizi. Lakini sikio linaona kilichokosekana. Uzito upo, na ule ubaridi upo. Kisichokuwapo ni kusita. Maneno yanafuatana sawasawa kama yaliyomwagwa, kwa kuwa kinachoyatoa hakikupata kuogopa neno lolote.

Mwaka 2015, akiwa na miaka 84, Jones alikuwa bado anapanda jukwaani New York. Mchezo ulikuwa *The Gin Game*, wa wazee wawili wanaocheza karata kibarazani, na mwenzake alikuwa Cicely Tyson, aliyemzidi umri. Walikuwa wao wawili tu, usiku baada ya usiku, na maneno yote kwa ghibu.