Mama Asiyemtazama Mtoto Machoni

Robert LeVine alifika Gusii miaka ya 1950 akiwa bado mwanafunzi wa Harvard, akarudi miaka ya 1970 na kundi la madaktari na wanasaikolojia. Safari hiyo ya pili ilizaa *Child Care and Culture* (1994).

Walichokiona: mama Mgusii hapigi gumzo na mtoto mchanga, wala hamtazami sana machoni. Anambeba, analala naye, akilia tu anamnyonyesha. Mama wa Boston, yeye, anaongea na wake mchana kutwa. Ni rahisi kusema basi wetu wamekosa kitu. LeVine alikataa. Kwake, mama wa Gusii anataka kwanza mtoto aishi na atulie. Maneno yatakuja baadaye, tena kutoka kwa omoreri, yule mtoto mkubwa kidogo anayembeba mdogo wake.

Hapo nampa heko. Lakini hebu soma tena: kipimo ni Boston tu. Akina mama wetu wanahesabiwa, mara ngapi amemshika, mara ngapi ameitikia, ila sauti zao ni hafifu. Ukitaka kuwasikia, tafuta *Mothers and Wives* (1979) cha mkewe, Sarah LeVine. Binafsi ningekianza hicho.

Nilimsimulia magokoro, nyanya yangu, aliyelea saba kule Nyamira. Akacheka.

"Sasa mtoto wa miezi mitatu umwambie nini? Na chai itachumwa na nani?"

Swali la chai ndilo ningependa lifungue kitabu.